Somo Lililomshinda Bi Mwanasaumu

Bi Mwanasaumu alipoambiwa kwamba atafundishwa kufundisha, na kwamba atakayemfundisha ni Nyamvula, kwanza alicheka. Alidhani ni mzaha wa Dakta Wafula, mkuu wao, ambaye hakuwa mtu wa mizaha. Kisha akatazama nyuso za wenzake mle katika chumba cha walimu, akaona hakuna aliyecheka pamoja naye, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Hapo palikuwa Kisauni, kwenye njia ya Mishomoroni, katika jengo la ghorofa moja ambalo chuo kikuu kilikuwa kimelikodi kwa ajili ya masomo ya jioni. Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu. Wahadhiri wenyewe walikaa Nairobi. Walishuka kwa gari moshi mara moja kwa mwezi, wakahutubia kutwa nzima, wakapanda gari moshi wakarudi. Katikati ya mwezi kazi ilibaki kwa wasaidizi wao. Ndio waliorudia masomo na wanafunzi kila baada ya Magharibi, ndio waliosahihisha, ndio waliobembeleza makarani wa bandarini na wauguzi wa Port Reitz wasikate tamaa. Wasaidizi walikuwa watano, na mkubwa wao kwa miaka ya kazi alikuwa Bi Mwanasaumu. Alifundisha hesabu ya takwimu. Tawi lilipofunguliwa yeye alikuwapo, akifuta mavumbi ya saruji kwenye madawati kwa upindo wa buibui lake.

Nyamvula alikuja baadaye, msichana wa Likoni aliyekuwa bado hajui asimame wapi mbele ya ubao. Bi Mwanasaumu ndiye aliyemwambia, "Ukiuliza swali, nyamaza. Usijijibu mwenyewe. Hesabu pumzi zako mpaka mmoja wao aone haya." Ndiye aliyemfundisha kumwita mwanafunzi mtu mzima kwa jina la mwanawe ili asifedheheke akikosea. Kila alichokijua Nyamvula, kwa mawazo ya Bi Mwanasaumu, kilikuwa kimetoka mkononi mwake.

"Chuo kikuu kinataka mpango wa kuwaendeleza wasaidizi waliokwisha kupata uzoefu," Dakta Wafula alisema, akiwa amesimama mlangoni na miwani mkononi. "Mpango mmoja, utakaotumika katika matawi yote. Mimi nimempa Nyamvula autengeneze. Ataujaribu kwenu Jumamosi hii, nami nitakuwapo. Ukifaa, tutaupeleka Nairobi. Usipofaa, tutamrudisha yule mgeni wa mwaka juzi."

Wote waliguna. Mgeni wa mwaka juzi aliletwa kuwafunza, akakaa nao siku mbili akiwaonyesha jinsi ya kushika chaki na jinsi ya kugawa ubao sehemu tatu. Tsuma, mwalimu wa historia, mtu wa Mwakirunge mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, alilala akakoroma, na alipoamshwa akainua chaki juu akasema, "Niko hapa, nimeishika!"

"Chochote, Daktari, lakini si yule," Tsuma alisema sasa. Kisha akamgeukia Bi Mwanasaumu. "Lo, mwalimu! Mwanafunzi wako amekuruka kichwa. Jumamosi uje na kibao chako na kalamu ya mwanzi."

"Nitakuja na bakora pia," Bi Mwanasaumu alisema. "Nikuanze wewe."

Walicheka, naye akacheka. Nyamvula peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha macho na kuvuta mtandio mbele, na Bi Mwanasaumu aliuona mkono ule ukivuta mtandio akasema moyoni, anajifanya mnyonge, na huku amenona.

Usiku ule kwanza hakumwambia mumewe neno. Aliigeuza chapati kwenye samli, akaiunguza. Faki, ambaye alikuwa fundi wa mashua pale Kidongo na hakuwa na haraka na lolote duniani, aliitazama ile chapati upande huu na upande huu.

"Mama Johari," alisema, "hii imekukosea nini?"

"Kula."

"Nakula. Nauliza tu, nijue kama na mimi nimekosa."

Ndipo akamwaga yote. Alisema juu ya mavumbi ya saruji, juu ya miaka, juu ya Nyamvula aliyekuja hajui hata kuufuta ubao bila kujipaka chaki usoni. Faki alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe uliitaka kazi hiyo?" aliuliza.

"Sikuitaka."

"Basi?"

"Nilitaka niulizwe, nikatae."

Faki aliendelea kula. "Haya ni makubwa," alisema, "na mimi ni fundi wa mbao."

Bi Mwanasaumu alikuwa mtu wa swala. Hakuna aliyemjua asiyelijua hilo. Alisali kwa wakati, alifunga Jumatatu na Alhamisi, na kila asubuhi kabla ya kutoka alijisomea dua ya kujikinga na shari ya wenye kuhusudu, akajipuliza viganjani na kujipangusa uso mpaka miguu. Aliamini kwamba mtu mwenye kazi nzuri na mume mpole hakosi wa kumtupia jicho. Asubuhi iliyofuata alijisomea vilevile, akajipangusa vilevile, akatoka akiwa salama na macho ya watu.

Alhamisi alasiri Nyamvula alibisha hodi nyumbani kwake Mishomoroni. Alikuwa amebeba kikapu kidogo cha maembe ya Likoni, na viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, uvue hayo matope." Bi Mwanasaumu alisikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa tamu, akashangaa inatoka wapi.

Nyamvula alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni wa siku ya kwanza. Hakukigusa kikombe cha chai. "Dada, mimi sikuiomba kazi hii. Wallahi sikuiomba. Nilimwambia Daktari akupe wewe, akasema wewe una mambo mengi."

Hilo lilimchoma zaidi kuliko kama asingesema. Kumbe hata hiyo nafasi ya kuulizwa alikuwa ameombewa.

"Usijali," alisema. "Hebu niambie umepanga nini."

Nyamvula alisogea mbele, na uso wake ukabadilika, ukawa kama uso wa mtu anayefungua zawadi. "Nimefikiri hivi. Mtu aliyefundisha miaka mingi haji kuambiwa namna ya kuanza. Anajua. Tena anajua kupita anayemwambia. Shida yake ni nyingine. Kila mmoja wetu ana somo moja linalomshinda. Tangu mwanzo linamshinda, na kwa kuwa ana uzoefu, amejifunza kulificha. Analipita haraka, au anawapa wanafunzi kanuni waikariri, na hakuna anayejua. Mwalimu mpya hana wa kumficha, anauliza tu. Sisi ndio hatuna pa kuuliza."

Bi Mwanasaumu alihisi jambo dogo likimgusa ubavuni. Alilijua somo lake. Hakuhitaji kulitafuta.

"Basi Jumamosi," Nyamvula aliendelea, "sitahutubia. Kila mtu atasimama afundishe lile linalomshinda, na sisi wengine tukae kama wanafunzi, tumwulize kama wanavyouliza wao. Halafu tusaidiane. Basi. Ndio mpango wote."

Ulikuwa mpango mzuri. Bi Mwanasaumu aliona uzuri wake mara moja, mzima, kama mtu anavyoona mshono ulionyooka, na wivu ukampanda kwa sababu ya uzuri huo. Ungekuwa mbaya angemhurumia.

"Wataona haya," alisema.

"Ndio maana nimekuja kwako. Akitangulia mkubwa, wadogo watafuata. Ghalib hawezi kusema kitu kinamshinda mbele ya Tsuma. Tsuma naye hawezi mbele ya Kamau. Lakini wewe ukisimama kwanza ukasema, hili mimi sijaliweza, nani ataona haya baada yako? Dada, nakuomba, nifungulie wewe."

Chai ilikuwa imepoa. Nje, mtu alikuwa akipaka chokaa ukutani kwa brashi, fyaa, fyaa, bila kukoma.

"Nitafungua, inshallah," Bi Mwanasaumu alisema.

Nyamvula alimshika mkono akaubusu. Alipokwisha kuondoka, Bi Mwanasaumu alikiosha kile kikombe kilichojaa, akakikausha, akakiweka mahali pake. Kisha akamtuma mwanawe Johari dukani akanunue tende.

Somo la tende lilikuwa somo lake mashuhuri. Lilikuwa juu ya wastani. Aliwasimamisha wanafunzi watano mbele, akampa huyu tende mbili, huyu tisa, huyu moja, kisha akawaambia wagawiane wao kwa wao, bila kuhesabu, mpaka pasiwe na anayemwonea mwenziwe gere. Zikishalingana, aliwaambia, "Mlichonacho mkononi sasa ndicho wastani. Kileni." Wanafunzi waliomaliza zamani, walio wakuu wa shule sasa, walikutana naye sokoni wakamwambia, "Mwalimu, mpaka leo nikila tende nakumbuka." Wahadhiri wa Nairobi walikuwa wameiba somo hilo. Halikuwahi kumshinda hata siku moja.

Alijiambia kwamba hakuwa akifanya ubaya. Ameombwa afungue, atafungua. Ameombwa afundishe, atafundisha. Kama wengine watamfuata, ni juu yao.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na joto la kuloanisha shati kabla ya saa tatu. Dakta Wafula alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, miguu ameinyoosha. Nyamvula alisema maneno machache, akaeleza kila mtu afanye nini. Kisha akasema, "Namwomba mwalimu wangu atufungulie."

Bi Mwanasaumu alisimama. Aliuweka mkoba wake juu ya meza, akaufungua, akatoa tende.

Alimwona Nyamvula akiziona. Msichana alikaa tu, mikono ameikunja mapajani, na Bi Mwanasaumu akageuka ili asimwone.

Alifundisha vizuri kuliko siku zote. Kila kitu kilimtii. Aliponyamaza, walinyamaza, alipoinua nyusi, walicheka. Tsuma alipewa tende moja akalia kwamba anadhulumiwa kwa sababu ya ukoo wake. Kamau, kijana wa Nyeri aliyefundisha uchumi, alipewa tisa akakataa katakata kugawa, akisema hiyo ndiyo ubepari, madam, sikieni uchungu. Mwisho wote walikula, wakapiga makofi, na Dakta Wafula alipiga makofi pia, akaitazama saa yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama alivyojua yatakwenda. Nani angekubali kuonekana ameshindwa baada ya somo kama lile? Tsuma alisimama akasimulia vita kwa sauti ya mizinga. Kamau alichora mstari wa bei, ukapanda ukashuka kama ilivyostahili. Ndipo akaja Ghalib.

Ghalib alifundisha jiografia. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, wa ukoo wa walimu wa dini, na nguo yake haikuwahi kukunjika. Alichukua chaki mbili, moja kila mkono. Akasimama katikati ya ubao, uso kwa watu, mgongo kwa ubao, na huku akizungumza nao akaichora dunia nzima nyuma yake kwa mikono miwili kwa pamoja, Afrika kwa mkono wa kushoto na Amerika kwa wa kulia, hata Unguja na Pemba akazidonoa mahali pake bila kutazama.

Chumba kililipuka. Tsuma alipanda juu ya kiti. Dakta Wafula aliinuka kutoka dirishani akaja kuitazama ile ramani kwa karibu, akagusa pembe ya Bara Hindi kwa kidole, akasema, "Lakini hii ni ajabu!" Kwa tende hakuinuka.

Bi Mwanasaumu alipiga makofi pamoja nao, viganja vikimuuma. Alikuwa ameupindisha mpango wa mtu ili jina lake ling'are siku moja, na hiyo siku moja Ghalib ameichukua kwa vipande viwili vya chaki.

Dakta Wafula alirudi mbele. "Naona kitu kimoja," alisema. "Ninyi hamna tatizo lolote. Mnafundisha vizuri wote. Nyamvula, wazo lako lilikuwa jema, lakini hapa hakuna aliyeshindwa na chochote." Akamgeukia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Wanaosali wasali, tule, kisha tufunge mapema. Nitawaandikia Nairobi watuletee yule mtu wao."

"Wa chaki?" Tsuma aliuliza.

"Wa chaki."

Wanaume wanaosali walikwenda msikiti wa jirani. Bi Mwanasaumu na Nyamvula walitandika mikeka yao katika chumba cha walimu, kama walivyofanya jioni zote za miaka ile, bega kwa bega. Walipotia udhu bombani, Nyamvula alimshikia viatu, akampa nafasi atangulie kwenye maji.

Wanawake wawili wakisali pamoja, husimama wamegusana, pasibaki upenyo kati yao. Bi Mwanasaumu mwenyewe alikuwa akimkumbusha hilo zamani: "Sogea, mdogo wangu, usimwachie shetani njia." Leo alisimama, na kulikuwa na upenyo wa kuingia mkono mzima. Aliuona. Alingoja Nyamvula ausogelee, kama kawaida. Nyamvula hakusogea. Alikuwa amesimama mahali pake pale pale pa siku zote. Aliyejitenga alikuwa yeye.

Alisali akiwa na upenyo ule ubavuni kama jeraha. Baada ya salamu alinyanyua mikono, na kwa mazoea ulimi wake ukaanza ile dua ya kila asubuhi, ya kuomba kinga na shari ya mwenye kuhusudu anapohusudu. Akafika katikati. Akanyamaza.

Alikuwa ameisoma tangu utotoni, na kila siku alimwona huyo mtu wa kukingwa naye akiwa nje, barabarani, kwa jirani, nyuma ya pazia la mtu mwingine. Leo alimwona ameketi kwenye mkeka wake, amevaa buibui lake. Aliona wazi kwamba kama kuna mtu katika chumba kile aliyehitaji kukingwa naye, ni msichana aliyekaa kando yake, na kwamba huenda msichana huyo alikuwa akiisoma dua ileile sasa hivi.

Alimtazama. Nyamvula alikuwa amefumba macho na midomo yake ikicheza. Chozi moja lilikuwa limeshuka mpaka kidevuni na halikupanguswa.

"Unaomba nini?" Bi Mwanasaumu aliuliza kabla hajajizuia.

Nyamvula alifumbua macho. "Naomba yule mtu wa chaki akose gari moshi," alisema.

Bi Mwanasaumu alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine njiani, akajifunika uso kwa ncha ya buibui. Kisha akasimama, akavaa viatu, akatoka bila kukunja mkeka wake.

Haifai kusema kwamba alikwenda kwa moyo safi. Alipokuwa akienda darasani alikuwa bado anamwona Dakta Wafula akigusa Bara Hindi kwa kidole. Kulikuwa na sauti ndani yake iliyosema, kama sikuwashinda kwa ustadi, nitawashinda kwa ujasiri. Aliisikia, akaona haya, akaendelea kutembea nayo vivyo hivyo, maana hakuona njia ya kuiacha nyuma.

Wanaume walikuwa wamerudi, wanakula viazi vya rojo. Alikwenda mbele ya ubao, akaifuta dunia ya Ghalib.

"Asubuhi nilifundisha somo ninaloliweza," alisema. "Niliombwa lingine. Nyamvula alikuja mpaka nyumbani kwangu akaniomba nifungue kwa lile linalonishinda, ili ninyi msione haya. Nikamwitikia, na nilikuwa najua ninachokwenda kukifanya. Mpango wake haukuanguka. Mimi niliuangusha. Sasa kaeni, muwe wanafunzi wangu."

Hakuna aliyetafuna. Nyamvula alikuwa amesimama mlangoni.

Bi Mwanasaumu alitoa shilingi. "Hii sarafu nimeirusha mara tisa. Mara zote tisa imeangukia upande wa kichwa. Nairusha mara ya kumi. Kuna nafasi gani ya kichwa?"

"Hakuna," Tsuma alisema. "Sasa ni zamu ya ngao."

"Sarafu haikumbuki, baba Kadzo. Haijui zamu. Ni nusu kwa nusu."

"Mwalimu, mimi mke wangu amezaa wasichana sita. Wa saba je?"

"Nusu kwa nusu."

"Haki ya Mungu hata wewe huamini unayoyasema! Njoo umwambie mama yangu hiyo nusu kwa nusu uone kama utapewa kiti."

Walicheka. Bi Mwanasaumu hakucheka. "Hapo bado naweza," alisema. "Ghalib, niulize lile wanaloniuliza kila mwaka. Unalijua, wewe ni mtoto wa chuo cha Kurani."

Ghalib aliweka kijiko chini. Alifikiri, na akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama wanavyouliza wao hasa. "Mwalimu, mtoto aliye tumboni, Mwenyezi Mungu ameshajua ni nani. Ameshaandikwa. Sasa hiyo nusu ya mvulana na nusu ya msichana, ni ya nani?"

"Hapo," Bi Mwanasaumu alisema. "Hapo ndipo ninaponyamaza." Mkono ulioshika chaki ulikuwa umeshuka. "Tangu tawi hili lifunguliwe. Naambiwa hivyo, nami ninaamini kama wanavyoamini wao, na najua hesabu ni sawa, na sijui nivikutanishe vipi. Basi najifanya mkali. Nasema, 'Hilo ni la msikitini, hapa andikeni kanuni.' Wanaandika. Wanapasi mtihani. Lakini naona machoni mwao kwamba nimewaambia wachague, ama swala ama hesabu. Na wapo waliochagua wakaondoka. Mwanakheri binti Ishaka aliondoka, na alikuwa na kichwa kunishinda mimi."

"Mimi naona," Kamau alianza, akaacha.

"Sema."

"Sioni kitu, madam. Nilitaka tu kukusaidia."

Ndipo Tsuma, aliyekuwa amekaa akikwaruza sahani kwa kijiko, akasema polepole, bila sauti ya mizinga, "Lakini huyo mtoto tumboni si nusu. Ni mzima. Ni mvulana au ni msichana, tayari. Mungu anajua, yeye mwenyewe mtoto labda anajua. Asiyejua ni mimi baba yake, niko nje napiga hatua. Basi hiyo nusu si ya Mungu. Hiyo nusu ni yangu mimi nisiyejua."

Bi Mwanasaumu alimtazama.

"Nimekosea?" Tsuma aliuliza.

"Rudia."

"Nasema mnapima ujinga wangu, si elimu yake. Kama ni hivyo sina ugomvi nayo. Ujinga wangu pimeni mtakavyo, hata kwa pishi."

Ghalib alitabasamu kwanza, kisha akasema, "Hilo hata babangu angelikubali." Bi Mwanasaumu aliegemea meza. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani miaka yote hiyo kililegea, na papo hapo, wallahi, kabla hata hakijalegea sawasawa, alisikia kijicho kikimchoma upya: kwa nini Tsuma? Kwa nini si mimi? Safari hii aliweza kukicheka.

Baada ya hapo haikuhitajika kumsukuma mtu. Ghalib alisimama na nguo yake isiyokunjika akakiri kwamba ule mstari wa baharini unaobadilisha siku, Jumamosi ikawa Ijumaa, yeye mwenyewe haujui vizuri, na kila muhula huumwa na kichwa wiki ile. Walimchorea, wakamzungusha kuzunguka meza, Kamau akawa jua. Kamau alipomaliza kuwa jua akasema lake. Mpaka Dakta Wafula akavuta kiti kutoka dirishani akaja kukaa katikati yao, akakunja mikono ya shati, akasema, "Mimi linalonishinda ni kuwaambia watu kwamba wameanguka mtihani. Nisikilizeni, nikosoeni." Nyamvula aliendesha yote hayo kwa maneno machache tu. Mtu alipokwama, aliuliza swali, akanyamaza, asijijibu. Bi Mwanasaumu aliona midomo yake ikihesabu pumzi.

Walipofunga, jua lilikuwa limekwisha kuondoka madirishani. Dakta Wafula alisema mpango utakwenda Nairobi, na Nyamvula atakwenda nao, apande gari moshi la mwisho wa mwezi, akaufundishe kwa matawi mengine. "Jina lako ndilo litakalokuwa juu yake," alimwambia.

"Liwekwe na la Bi Mwanasaumu," Nyamvula alisema.

"Alifanya nini Bi Mwanasaumu?"

"Alinifundisha."

Dakta Wafula alicheka akasema kila mtu alifundishwa na mtu, karatasi haitoshi. Bi Mwanasaumu alikuwa akikusanya kokwa za tende mezani, akazikusanya zote, moja moja.

Waliteremka ngazi pamoja, wale wawili. Chini, Nyamvula alisema, "Dada, nilijua tangu zilipotoka mkobani."

"Mbona hukunizuia?"

"Nikuzuie wewe? Ulipokwisha kusimama? Nimesoma kwako, nakujua. Ukianza hukatiziki."

Bi Mwanasaumu alimpiga begani kwa ncha ya vidole. "Na huko Nairobi nani atakufungulia?"

"Nitajifungulia mwenyewe. Nitasema linalonishinda ni kumwomba mkubwa jambo bila kumfanya ajione mdogo. Sikulijua mpaka Alhamisi, ulipoikunja midomo hivi."

"Sikukunja midomo."

"Ulikunja, dada. Ukaniita mwanangu."

Waliagana kwenye njia panda, mmoja aelekee kivukoni, mmoja Mishomoroni. Bi Mwanasaumu alitembea akiwa mwepesi hadi alipofika kwenye duka la kona, na hapo akaliona akilini lile gari moshi, taa zake, Nyamvula dirishani na mtandio mpya, na watu wa Nairobi wakimngoja, na uzito ukamrudia wote kama haukuwahi kwenda popote.

Nyumbani alisali. Baada ya salamu alinyanyua mikono akamtaja kwa jina. "Ewe Mola, Nyamvula umfikishe salama." Hilo lilitoka. "Umpe afya. Umrudishe salama." Hayo yalitoka. "Na kazi yake," alisema, "kazi yake uitukuze..." na neno likakwama, kama chapati kavu, likakataa kupanda na kukataa kushuka. Hakutaka kulisema kwa ulimi tu. Kusema kwa ulimi tu alikuwa amekufanya miaka mingi, akawapa watu kanuni wakaikariri. Akashusha mikono. Akainyanyua tena. Akaanza tangu mwanzo, kwa jina.

"Mama Johari," Faki aliita kutoka uani. "Chai yapoa. Kwani leo wasali za mwaka mzima?"

"Ngoja," alisema. "Kuna dua moja yanishinda."

Faki hakuuliza ni ipi. Alikifunika kikombe kwa kisahani, akangoja.